Siku Tulipobaki Tisa Kaburini kwa Rabi

Nakumbuka ile Jumapili vizuri, mwanangu, maana hata leo nikiiwaza masikio yananiwaka moto. Na usinicheke ninapokuita mwanangu. Ndevu zangu bado nyeusi, sawa, lakini juzi ulisimama hapa jikoni ukasema watu wa sinagogi wamekuchosha. Wamekuchosha! Mimi wamenichosha miaka kumi na moja, na bado nawapikia. Kaa chini nikwambie, na simu uiweke kando.

Kule kwetu Nyandarua, unajua, Wayahudi tulikuwa familia chache tu, wakulima wa viazi. Majirani walituita watu wa Jumamosi, wakidhani sisi ni Wasabato. Mkiwa wachache hivyo huna anasa ya kugombana. Unampenda hata yule anayekuibia viazi, kwa sababu Jumamosi utamhitaji kwenye sala. Nikaja hapa Minneapolis nikidhani mambo ni yale yale, ila watu ni wengi zaidi. Thubutu! Nikakuta huyu haingii sinagogi la yule, yule hali chakula kwa huyu, na wa tatu anasema haamini chochote, lakini siku ya kufunga ndiye anayelia kuliko wote. Nilishika kichwa.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kuwakalisha pamoja, naye ni Rabi Asheri wa Saint Paul. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na meza ya jikoni, basi, na mezani pale alikaa yeyote. Shangazi Raheli, dada ya baba yangu, huyo aliyenileta Amerika, alifundishwa pale miaka sita akitoka kazini kwenye nyumba ya wazee. Rabi alipokufa akazikwa upande wa Maplewood, akaacha neno moja kwa wanafunzi wake: kila mwaka, siku ile ile aliyokufa, waje kaburini kwa gari moja. "Mkija na magari kumi," alisema, "kila mtu atakuwa amekuja peke yake."

Sasa mimi nilikuwa na miaka ishirini na tatu, naendesha van ya kupeleka wagonjwa kusafishwa damu. Mwenye gari akaniazima kwa siku hiyo. Nikatoka shifti ya asubuhi moja kwa moja, hata jaketi la kazi sikuvua, lina jina la kampuni mgongoni. Tulikuwa kumi na wawili garini: wanaume kumi, na wanawake wawili, Shangazi na Debora, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke asiyeogopa mtu.

Na alikuwepo Mzee Lazaro. Huyo ndiye mwenye safari. Alimshika Rabi mkono pale hospitali akamwahidi kwamba, kwa kuwa hana mtoto wa kumsomea Kadishi, yeye Lazaro ataisoma kaburini kila mwaka. Kadishi, unajua, ni ile sala ya kumkumbuka marehemu, na huisemi peke yako hata ulie damu. Lazima wasimame watu kumi, na kwa desturi ya Rabi ni wanaume tu wanaohesabiwa. Na mwaka ule moyo wa mzee ulikuwa umechoka kabisa. Binti yake alikuwa anamhamishia Arizona wiki iliyofuata, na alituruhusu tuwe naye saa moja tu nje kwenye baridi. Wote tulijua ni mara yake ya mwisho. Hakuna aliyelitamka.

Basi ungedhani watu watanyamaza kwa heshima. Wapi! Hata hatujatoka Minneapolis.

"Pita barabara ya thelathini na sita," mmoja anasema.

"Tisini na nne ndiyo fupi."

"Fupi kwa nani? Kwa malaika?"

"Yona, ongeza joto."

"Yona, punguza, tunaiva huku nyuma!"

"Nani anakula kitunguu? Tunaenda makaburini, bwana!"

"Rabi alipenda vitunguu."

"Rabi alivumilia vitunguu. Ni tofauti."

Mwanangu, nilishika usukani kama nauponda. Wahenga walisema vyungu vikikaa pamoja haviachi kugongana, lakini hawa hawakugongana, walikuwa wanapigana ngumi. Nikafika Maplewood tayari nimejaa mpaka hapa, kooni.

Tukashuka. Upepo wa mwezi wa kumi na moja unajua ulivyo, unakutafuta mpaka ndani ya mfupa. Akasimama mbele yetu mzee mmoja anaitwa Boris, injinia mstaafu, mtu wa Urusi ya zamani, akaanza kuhesabu kama tumetimia. Na unajua sisi mtu hatumhesabu kama mbuzi, tunakwepa. Kwa hiyo Boris ananyoosha kidole na kusema, "Si mmoja, si wawili, si watatu…" Akafika kwangu. Kidole kikapita. Kikamwendea aliyenifuata. Akamaliza: "Si tisa. Mmoja hayupo. Nani hajaja?"

Nilikuwa nimesimama pale! Nina kofia ndogo ya sala kichwani, chini ya kofia ya baridi lakini ninayo!

"Mbona umeniruka?" nikamwuliza.

Akanitazama, akatazama ufunguo mkononi mwangu, akatazama jaketi. "Oh. Samahani. Nilidhani wewe ni wa gari."

Alisema samahani, mwanangu, naomba uliweke hilo akilini, kwa sababu mimi sikuliweka. Nilisikia tu "wa gari". Babu yangu alitukanwa miaka mingapi kwa kukataa kulima Jumamosi, leo mimi ni wa gari? Nikafungua mdomo. Na heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini mimi siku ile nilianguka nao ngazi nzima.

"Wewe," nikasema, mbele ya watu wote, "umekula nguruwe huko kwenu maisha yako yote, Sabato umeijua uzeeni, leo ndiwe wa kunipima mimi? Mimi nimezaliwa nayo. Wewe umeokota."

 Hata yule wa kitunguu akaacha kutafuna.

 Boris alivua kofia yake ndogo, akaikunja mara mbili, akaiweka mfukoni, akashuka kilima polepole kuelekea getini. Na mimi, nikwambie ukweli, nilijiona simba. Nikakung'uta mikono.

Tukapanda hadi kaburini. Mzee Lazaro akakalishwa kwenye kigari chake cha kutembelea, chenye kiti, akafungua kitabu, akainua macho.

"Boris yuko wapi?"

 Mtu mmoja akasema ameondoka. Mzee akatutazama mmoja mmoja, na nikaona midomo yake inahesabu.

"Basi tuko tisa," akasema.

"Tuko kumi na mmoja!" Debora akaruka. "Raheli yuko hapa, mimi niko hapa. Kwetu mwanamke anahesabiwa. Soma, Mzee."

"Kwenu," akasema mwingine.

"Ndiyo, kwetu! Kwani kwetu ni mwezini?"

Ikawaka. Huyu anasema sheria, yule anasema aibu, wa tatu anasema yeye haamini yote hayo lakini kama ni kufanywa ifanywe vizuri. Kaburi la mtu liko hapo katikati, wanarushiana maneno juu yake kama watu wanaopimiana shamba. Nilitaka kupasuka. Na katikati ya zile kelele Mzee Lazaro akasema kwa sauti ndogo sana, "Debora, binti yangu, pengine wewe ndiye mwenye haki. Sina nguvu ya kubisha. Lakini nilimwahidi kwa njia aliyoisali yeye. Siwezi kumbadilishia sasa, hawezi kunijibu."

Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya bluu. Akafunga kitabu.

Hapo ndipo Shangazi aliponishika mkono wa jaketi akanivuta nyuma ya jiwe la kaburi la watu wengine. Shangazi hapigi kelele akikasirika. Anashusha sauti, na hapo ndipo unapoogopa.

"Wewe Yona, umefurahi?"

"Shangazi, ameniruka! Ameniona dereva!"

"Kwani wewe si dereva?"

"Si hivyo! Nilikuwa natetea jina letu. Na lako pia!"

"Nani alikutuma? Mimi nimeulizwa mlangoni mwa sinagogi kama nimepotea njia mara ngapi? Naingia, nakaa mstari wa mbele, wanazoea. Jina langu halijawahi kukosa mtetezi. Sikiliza wewe. Siku Rabi alipokufa theluji ilifunga barabara zote. Waoshaji wa maiti wanne, akafika mmoja. Mtu mmoja hawezi. Boris alikuja kwa miguu kutoka kwake, mzee yule, theluji magotini. Hajui hata dua moja. Akawa anasomewa neno kwa neno, anarudia kama mtoto, huku anamwosha Rabi miguu. Mimi nilikuwa nje ya mlango na ndoo za maji, nilimsikia. Huyo ndiye umemwambia ameokota."

"Mbona hajawahi kusema?"

"Aliyeosha maiti hajitangazi. Hiyo ndiyo kazi ya mtu asiyetaka kulipwa hata ahsante. Na nguruwe wake uliyemtaja, kwao walifungwa watu kwa kusali. Alikula alichopewa akaishi. Wewe ulizaliwa nayo, eh? Ulizaliwa. Umefanya kazi gani hapo?"

Mwanangu, nilitamani ardhi ya pale, japo imeganda, inifungukie.

"Ufunguo unao," akasema. "Mzee ana dakika ishirini. Na usirudi peke yako."

Nilikimbia. Pale Maplewood mtu hatembei kwa miguu, hakuna hata njia ya miguu, na nikamwona kwa mbali kando ya barabara, mikono mfukoni, kichwa wazi, magari yanampita kwa kasi. Nikapunguza mwendo kando yake, nikashusha kioo. Magari ya nyuma yananipigia honi.

"Mzee Boris. Ingia, tafadhali."

Anatembea.

"Nimekuja kukuomba msamaha."

"Umekuja kwa sababu mmebaki tisa."

Ningeweza kudanganya. Sijui kwa nini sikudanganya. "Ndiyo," nikasema. "Kwa sababu tumebaki tisa. Na kwa sababu Shangazi ameniambia habari ya theluji."

Hapo akasimama. "Raheli ana mdomo mrefu."

"Nilikosea. Nilisema neno baya sana, mbele ya watu. Sikuwa najua."

"Na kama ungekuwa hujui milele? Ingekuwa halali?"

  Boris akainama kwenye kioo cha gari, akasema, "Na mimi nilikuruka. Nimeona kijana mweusi na ufunguo, jicho langu likamaliza hesabu lenyewe. Miaka yote huko kwetu watu walinitazama usoni wakamaliza hesabu. Na bado nimekufanyia wewe." Akatema mate kando. "Wajinga wawili."

"Basi umenisamehe?"

"Sijakusamehe. Neno lako linauma bado." Akafungua mlango, akapanda. "Kwani lazima nikusamehe ndiyo nisimame karibu na wewe? Endesha, mzee anaganda."

Nikaendesha, mwanangu, na nilipita kila taa kwa dua.

Tulipofika Debora alikuwa amevua koti lake amemfunika Mzee Lazaro miguuni, mwenyewe anatetemeka. Alinitazama kama anataka kunila. Halafu akamwambia mzee, "Nitasimama hapa na nitasema amina kwa sauti kuliko hawa wote. Lakini usidhani nimekubali."

"Sijadhani," mzee akasema. "Asante."

Akainuka kwa mikono yetu, mimi kulia, Boris kushoto. Akaisoma Kadishi yote bila kuangalia kitabu. Sauti ilikuwa nyembamba, upepo unaichukua nusu, ila kila alipofika pa kuitikia, watu wale, wale wale wa thelathini na sita na tisini na nne, waliitikia kwa sauti moja mpaka nikasikia kifua changu kinatikisika. Na sauti ya Debora juu ya zetu sote, kama alivyoahidi. Mzee alipomaliza akainama akaligusa jiwe, akasema, "Asheri, nimelipa." Hakuna aliyefuta machozi ya mwingine, kila mtu alikuwa na yake.

Dakika tano baadaye walikuwa wanagombana tena, kuhusu nani akae karibu na joto.

Mzee Lazaro alifia Arizona kabla ya Pasaka. Boris hakusema nami kwa miezi minne, halafu siku moja akanipigia simu akataka nimpeleke kununua matairi, na hiyo ndiyo ilikuwa samahani yake, na yangu pia.

Sasa sikiliza, maana mimi si mtu wa kurudia. Mdomo wako ni kama wangu, nakuona. Hasira zako zina sababu, nakubali, na watu wataendelea kukuruka, na wengine hata samahani hawatasema. Mwambie aliyekuruka kwamba amekuruka. Useme wazi, umtazame usoni. Lakini usiende kuchimba kidonda chake ili chako kipone, hakitapona, na utakayemfukuza huwezi kujua alimwosha nani miguu. Ukikosea, mfuate siku hiyo hiyo, kwa gari, kwa miguu, kwa magoti, usingoje maneno mazuri yakujie. Na usidhani umoja ni kupendana. Mimi nilidhani hivyo, ikanichelewesha. Wale watu hawajakubaliana jambo hata moja tangu niwajue. Umoja wao ni kwamba hakuna anayeenda nyumbani kabla mzee hajamaliza sala yake. Ndugu mui heri kuwa naye, na wewe pia, mwanangu, kuna siku ndugu mui ni wewe.

Mungu wa mababu zetu wa mlimani akupe ulimi unaochelewa na miguu inayowahi. Akujalie watu wa kukuudhi maisha yako yote, na siku ya haja yako wasikosekane hata mmoja. Amina, na usinijibu sasa hivi, kalale nayo kwanza.