Taa ya Fundi Cherehani

Kila Jumamosi fundi cherehani hupitisha ncha ya kidole juu ya mpira unaoziba kasha la kamera yake ya kupigia picha chini ya maji, akitafuta hata unywele mmoja unaoweza kuingiza maji. Kisha hulizamisha kasha tupu kwenye karai na kuangalia kama litatoa mapovu, kaka yake akimtazama.

"Dada, umri huu ni wa kulea wajukuu."

"Nimeshawalea. Hebu nipishe, unanizibia mwanga."

Picha zake za kwanza baharini zilijaa chembe nyeupe tupu, kwa kuwa taa ya kamera ilimulika vumbi la majini. Mwalimu wa kupiga mbizi akamwambia taa aiache nchi kavu, wanaoanza hawaiwezi. Safari iliyofuata aliteremka na taa ileile, akaisogeza mbali na lenzi ili imulike kutoka ubavuni, akamkaribia polepole samaki mmoja aliyeonekana wa kijivu, akabonyeza. Walipopanda juu, samaki alikuwa mwekundu kwenye kioo cha kamera, rangi ambayo maji yalikuwa yameificha, na chembe hazikuwepo. Mwalimu aliisogeza kamera karibu na macho.

"Mama, nani kakufundisha?"

"Wewe, uliponikataza," alisema, huku akiisuuza taa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. "Kesho nakuja na mbili."