Huyo Hakuwa Mtumishi

Mwanangu Neema, uvumilivu wangu uliishia ukumbini mwa shule yako pale Arlington, hapa Marekani, siku ya mazoezi ya mchezo, ulipopita mbele yangu na sinia mikononi ukamwinamia mtoto mwenzako aliyebandikwa ndevu za pamba.

Hukuwa umenidanganya. Nyumbani ulisema, "Mama, mimi ni mtumishi," nami nikafurahi kama mjinga. Kwetu sisi mtumishi si ni mchungaji? Jumapili nikawatangazia kanisani. Mama Furaha akakutania, "Mtumishi, tuombee basi hili joto lipungue!" Nikakushonea na kitenge.

Kumbe mchezo ni maisha ya yule wakili wa zamani ambaye shule imepewa jina lake. Alianza kwa kufagia ofisi ya wakili mwingine, akasomea sheria humo humo, akashinda kesi za mashamba, akaingia bungeni, akahutubia kuhusu uhuru mpaka watu wakalia. Ndevu za pamba zilihutubia. Wewe umeshika sinia.

Nikamuuliza mwalimu wako, "Huyu analipwa?"

"Hapana, enzi zile... alikuwa mali ya huyo wakili. Ila tumeandika mtumishi. Ni neno laini kwa watoto."

Nilifoka, mwanangu. Ukanivuta sketi: "Mama, basi, twende."

Kwenye gari ukalia. "Kwa hiyo sitacheza? Na mimi sina hata neno la kusema, mama. Nabeba tu."

Nikaegesha kando ya barabara, nikakukumbatia. Hukukosa lolote, mama yangu. Lolote.

Sasa nisikilize. Ukikasirika, usiishie kufoka kama mimi siku ile. Tulia, litafute neno lenyewe lililokuchoma, kisha liseme mbele ya wenye kusikia. Na mtu akikuletea neno laini, muulize amefunika nini chini yake. Mungu akupe sauti isiyotetemeka, na siku ikitetemeka akupe mtu wa kukushika mkono.

Nilipokwenda ofisini kwake, mwalimu mkuu alidhani nataka upewe zile ndevu. Sikuzitaka. Malalamiko yangu rasmi, niliyoyaandika kwa mkono wangu na kutia sahihi, ni haya:

"Binti yangu atacheza. Sinia atabeba. Lakini mwanamke yule anayemwigiza mpeni jina, na mpeni neno la kusema. Na kila mlipoandika mtumishi, andikeni mtumwa. Wakili wenu alimiliki watu. Watoto wataweza kulisikia hilo. Jitahidini na ninyi kulisema."