Mwenye Goti

Juzi, katika mkahawa wa mtaa wa Al Sadd huku ughaibuni, nikiwa meza ya jirani, nilisikia mlinzi mmoja akimnong'oneza rafikiye, fundi wa kompyuta: "Kampuni ikijua goti langu ni bovu, nitarudishwa Nairobi."

"Haitajua, bro. Rekodi za mazoezi ya goti lako zitakaa ndani ya kompyuta hii kuukuu, chini ya kitanda chako. Programu ya kuzihifadhi ni ya bure. Sasa inauliza: nani aruhusiwe kuziona?"

"Weka supavaiza," akajibu mlinzi, kwa mazoea.

Fundi aliinua mikono kutoka kwenye vibonye. "Kwani goti ni lake?"

Mlinzi alicheka, akaivuta kompyuta, akaandika jina lake mwenyewe kwa kidole kimoja. Mimi niliyejifunza kusoma na kuandika nikiwa na mvi nakijua kidole kile: hakikuwa na haraka, wala hakikuruka herufi hata moja.