Kinu cha Mama na Mawe Mekundu

Mimi kungoja sijui. Mashine ya kusaga mawe chuoni Kwa Vonza ilikuwa na foleni ya wiki mbili, na tanuri la maabara nilikuwa nimepewa siku moja tu, Alhamisi. Nikishindwa tena, msimamizi wangu alishasema, nitafute mada nyingine ya utafiti nianze upya. Kwa hivyo Jumanne nilibeba mawe mekundu ya chuma hadi nyumbani Tulia, nikamwomba mama kinu chake cha kukobolea mahindi ya muthokoi, kile alichopewa na mama yake alipoolewa.

"Mawe, kwa kinu?"

"Mwaitu, ni ya masomo," nikamjibu mama.

Akashika mchi.

Nilichotaka ni unga wa kutu, maana mawe hayo ni kama kutu tupu. Ukiupasha moto mkali, halafu upitishe methani, ile gesi inayotoka kwa samadi, kutu huipa oksijeni yake. Kinachotoka ni hidrojeni na monoksidi ya kaboni, mchanganyiko ambao watu hutengenezea mafuta na mbolea. Kisha unafunga methani, unapuliza hewa, chuma kinashika kutu tena, unarudia. Basi! Lakini kwangu kurudia kulikataa. Kila mara, raundi ya tatu, bomba la tanuri lilijaa masizi, nami nikatoka nje kupiga ukuta mateke.

Nilienda dukani mara moja. Kurudi, namkuta mama ananyunyizia mawe maji, vile mahindi hunyunyiziwa ili maganda yatoke. Tena maji ya kisima chetu, yenye chumvi hata chai haitamaniki.

"Woi! Umeniharibia kazi! Nani alikwambia uweke maji?"

"Si ndivyo tunatwanga," akasema polepole.

Nikauzoa ule unga bila hata asante. Muda wa kutwanga mwingine haukuwepo.

Alhamisi, raundi ya tatu ikapita. Ya nne pia. Kukaa sikuweza, nilizunguka lile tanuri mpaka fundi wa maabara akaniambia nimemchosha macho. Ya sita, bomba bado safi. Msimamizi akaja, akatazama namba kwenye skrini, akaniuliza nimeongeza nini.

"Nadhani ni chumvi ya kisima," nikasema.

Akaniambia niandike hivyo hivyo, na nieleze ilifikaje humo. Nilifurahi, halafu nikaona aibu, aibu mbaya sana.

Jumamosi nilienda Tulia na kilo mbili za sukari na maneno ya kuomba msamaha niliyoyakariri njia nzima. Nyumbani hapakuwa na mtu. Nilimkuta mama kwa jirani, amekaa na beseni lake la mahindi, akingoja mwenye kinu amalize kutwanga yake.

"Mwaitu, kwani chako kiko wapi?"

"Kilipasuka chini, siku ile ya mawe."

"Na hukuniambia?"

Akaendelea kuchambua mahindi.

"Ulikuwa na haraka, mwanakwa."