Mchanga wa Kukandia

Mavyaa wangu, mama mzazi wa mume wangu, alikuwa na miguu miwili na ulimi mmoja, na vyote vitatu viliniuma mimi. Niliolewa kwake Ngamiani nikitokea Kigombe, miaka michache kabla ya uhuru. Nasema kwake, si kwa mwanawe, kwa sababu mwanawe alikuwa akitoka alfajiri kwenda bandarini na kurudi hoi. Mchana wote nyumba ilikuwa ya mama.

Kazi yangu kubwa ilikuwa miguu yake. Kila baada ya sala ya alasiri alijilaza mkekani ukumbini, akaninyooshea nyayo zake zenye magaga, nami nikamkanda. Mchanga ulikaangwa pamoja na chumvi ya mawe kwenye kikaango cha udongo, ukafungwa katika kipande cha kaniki. Kabla haujagusa mguu wa mtu, mkandaji huujaribu kwanza kwenye shavu lake mwenyewe. Ndivyo tulivyofundishwa na wakubwa wetu: shavu likistahimili, mguu utastahimili.

“Weye wakanda, au wabonyeza samaki kuona kama ameoza?” aliniuliza siku ya kwanza. “Kigombe hamkufundishwa kingine?”

Kabla yangu palikuwa na mke mwingine. Alirudishwa kwao Pangani kwa kosa la kuwa na mikono baridi. Mavyaa alinihadithia mwenyewe, huku akicheka, hata fungate yangu haijesha, ili nijue mapema njia ya kwendea stendi. Na mimi sikuwa na pa kurudi. Baba yangu alikuwa amekufa, na mama alikuwa akila kwa kaka yake, kila tonge na simango lake. Ningerudi tungesimangwa wawili.

Wanawake wa mtaani walikuja kumjulia hali, na kila mmoja alikuja na ugonjwa wake. Mmoja alisema ni baridi yabisi. Wa pili akasema ni jongo, kwa kuwa mavyaa alipenda nyama. Wa tatu, shoga yake wa Makorora, alilaumu viatu vyembamba alivyovaa arusi zote za ukoo mpaka vidole vikapandana. Bibi mmoja akasema ule ni uzee tu, hauna dawa, na hakukaribishwa tena kahawa.

Mwenyewe alisema ni siafu. “Watembea ndani ya nyama, wauma. Na nikikanyaga sakafu naona kama nakanyaga pamba.”

Hakuna aliyelijali neno lile la pamba. Mimi nililisikia, nikaliona ni deko. Hata sisimizi niliwaona, wamejaa mahali pale uani alipokuwa akienda haja ndogo. Niliwafagia huku nikicheka peke yangu. Ajabu ya Mungu, nikasema moyoni, mtu mchungu hivi kuwa na mkojo mtamu!

Miezi ikapita, na kila mwezi mchanga wangu ukawa baridi zaidi kwake. Shavu langu liliwiva, yeye akisema nimemletea udongo wa kaburini. Ilipoingia Shaabani akaniambia waziwazi kwamba mwezi wa Ramadhani hautaandama nikiwa mle ndani. Mume wangu alisikia, akaendelea kula.

Kisha ikaja alasiri moja alipokuwa na wageni wawili. Nilimwekea mchanga, akausukuma kwa mguu, akawageukia wenzake. “Mwamwona huyu? Mamaake omba-omba, ala vya watu. Mikono ya kukanda angeipata wapi? Ya kupokea anayo.”

Wale wageni walicheka. Kwangu mimi aliweza kusema atakalo, lakini si kwa mama yangu.

Nikarudi jikoni na kikaango. Nikaukaanga mchanga mpaka chumvi ikaanza kuruka. Nikaukunjia kaniki mara mbili, maana mkono ulikataa kuushika. Shavu nililikumbuka. Nikausogeza, joto likanipiga kabla haujanigusa, nikauondoa. Nimekuwa mzee mno sasa kusema uongo: nilitaka apige kelele. Nilitaka wale wageni wamsikie analia.

Nikaugandamiza kwenye wayo wake wa kulia.

Mavyaa akafumba macho. “Hapo!” akasema. “Hapo sasa! Kumbe wajua, ulikuwa wanifanyia makusudi.”

Nikazidi kugandamiza. Mmoja wa wageni akanusa hewa, akauliza kama kuna anayebabua kuku uani.  Mavyaa usingizi ulikuwa umeshamchukua, na uso wake ulikuwa laini namna ambayo sikupata kuiona. Jioni alimwambia mwanawe, “Huyu hatoki humu. Sasa nimepata mkazamwana.”

Asubuhi yake nilipomtilia maji ya udhu, niliona lengelenge limeujaza wayo wote. Yeye hakuliona, kwa kuwa hakuweza kujikunja, wala hakulihisi. Hapo ndipo nilipoielewa ile pamba. Ningeweza kusema. Kusema kulikuwa ni kurudi kwa mjomba, kwa hiyo nikalifunika kwa majani ya mbarika, nikamwambia ni dawa ya kwetu. Alasiri aliponiita, nikamkanda tena palepale, kwa kuwa alitaka moto uleule, na akaniombea dua.

Wiki haikwisha kabla nzi hawajajua. Mume wangu akamkodia teksi mpaka hospitali. Daktari akamuuliza kama alikanyaga moto. “Ningekanyagaje moto nisijue?” mavyaa akamjibu kwa hasira. Daktari akamwambia mume wangu kwamba mama ana kisukari cha siku nyingi, na kwamba wayo ulikuwa umeshakufa ganzi. Watu wote wakashika neno hilo, kisukari, na mimi nikajificha nyuma yake. Mguu ukakatwa chini ya goti.

Alirudi nyumbani baada ya mwezi. Siku ileile, baada ya sala ya alasiri, akajilaza mkekani, akaniita.

“Waniuma.”

“Upi, mama?”

“Huo walioubakisha hospitali. Wale siafu bado wamo. Nikande, mwanangu. Hapana mwingine awezaye.”

Nilikaanga mchanga. Nilitandika kaniki juu ya mkeka mtupu, pale ambapo wayo ungekuwapo, nikapiga magoti.  Nikauinua mchanga nikauweka shavuni, nikauacha pale mpaka nikawa na hakika, ndipo nikaanza kukanda.

Mavyaa akakunja uso. “Baridi,” akasema. “Siku hizi umeanza uvivu.”