Kengele ya Kiwandani

Sijui kama nitaeleza sawa, maana shule yangu ilikuwa fupi, lakini simu ile naikumbuka kuliko sura za watu wengi.

Ilikaa juu ya meza yangu katika ofisi ya mbao, Nyeri, wakati wa Hali ya Hatari, siku za vita vya Mau Mau. Ubavuni ilikuwa na swichi mbili. Ya laini ukiilaza chini, unaongea na mtu wa nje. Ukiirudisha katikati, yule wa nje anangoja, hasikii lolote. Ya kuita ukiibana, kengele inalia kule juu ukingoni mwa msitu, kwenye kiwanda cha kupasua mbao, ambako bwana mkubwa alishinda. Ukiuweka chini mkono wa simu, wa nje amepotea. Ndiyo kazi yote.

Siku hiyo mke wa mnoaji wetu wa misumeno alikuja akaketi kwenye benchi, miguu imejaa vumbi. Mumewe alikuwa ameteremka mjini kununua chumvi, msako ukamkuta sokoni. Kipande chake, kile cha kitambulisho, kilibaki kiwandani, mfukoni mwa koti.

"Karani," akasema, "bwana mkubwa akisema neno moja tu watamwachilia. Si ni hivyo?"

Nikamwambia huenda. Sikutaka kumpa zaidi ya nilichokuwa nacho.

Simu ikalia. Alikuwa askari wa kituoni, mtu wa Nyanza. Wengi waliwasema vibaya askari wale. Huyu sina la kumsema.

"Karani, niko na mtu hapa anasema ni wenu. Lori ya kambi ya Mwea inawekwa maji. Nipe mzungu wako aseme ni wake."

"Ni wetu, afande. Mimi namjua. Hunoa misumeno."

"Najua unamjua. Hata mimi naona mikono yake. Lakini sauti yako na yangu, tukiziweka pamoja, hazishushi mtu kwa lori. Nipe mzungu."

Nikairudisha ya laini katikati, nikabana ya kuita. Kimya. Nikabana tena. Mama akasimama, akaja kukiangalia kidole changu.

"Bonyeza na nguvu."

"Nguvu haiongezi kitu, mama. Inalia vile vile."

"Sasa mbona hawasikii?"

"Msumeno ukiwa ndani ya gogo, huko hakuna anayesikia."

"Na siku zingine?"

Nilitaka kunyamaza, lakini alikuwa akinitazama. Kengele ilitundikwa nguzoni, karibu na jiwe la kunolea. Mnoaji ndiye aliyeisikia. Ndiye aliyeinua mkono msumeno usimamishwe, kisha akaenda kumwita bwana mkubwa. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Alikaa karibu tu, nasi tukazoea.

"Anayeitika huwa ni yeye," nikasema.

Akarudi kwenye benchi polepole. "Ati mnamwita yeye aje ajitoe," akasema. Akacheka kidogo, kisha akajifunika mdomo kwa ncha ya leso.

Nikailaza ya laini. "Afande, bado. Ngoja kidogo."

"Mimi nangoja. Lori ndiyo haingoji."

Nikarudi kwenye kengele. Nilifikiria kukimbia hadi kiwandani, lakini barabarani palikuwa na kizuizi, pasi sina, na nikiiacha simu askari amepotea. Huenda mwenye akili zaidi angeona njia nyingine. Mimi mpaka leo sijaiona.

Nilipoilaza laini mara ya mwisho nilisikia injini. "Karani, wamefunga nyuma," askari akasema. "Nimejaribu." Naamini alijaribu.

Msumeno uliponyamaza kwa chakula, bwana mkubwa alishika simu mwenyewe. Sitamnyima haki yake: alikasirika kwelikweli, akataka nimuunganishe na kituo, akamfokea mkubwa wao. Akajibiwa kwamba lori imeshapita Karatina, mambo ya mtu huyo sasa ni ya Mwea. Kabla hajaweka simu chini aliniambia nitafute mtu mwingine wa kukaa pale penye kengele.

"Amesema nini?" mama akauliza.

Nikamwambia yote, hata hilo la mwisho.

"Mwambie asiweke mtu hapo," akasema. "Mwambie pana mwenyewe."

Nikaibana ya kuita. Lakini msumeno ulikuwa umeshaanza tena.