Vitenge Juu ya Kidonda

Mimi ni mtu wa kinyaa. Nasema mapema, asije mtu akadhani anasoma habari za mtakatifu. Nimekuwa mtawa miaka ishirini na sita, asubuhi nafundisha darasa la tatu, mchana nauguza masista wazee, na mpaka leo harufu ya mkojo uliolala kwenye shuka inanipanda hadi kwenye meno. Watoto nawamudu. Kamasi za darasa la tatu zina utani wake. Unamfuta mtoto pua huku anakusimulia mbuzi wao alivyokula daftari la hesabu. Lakini mwili wa mtu mzima unaooza taratibu haunichekeshi hata kidogo.

Nyumba yetu iko juu ya mji wa Morogoro, pale barabara inapoanza kupanda milimani na bodaboda zinaanza kukohoa. Ukungu ukishuka nguo hazikauki siku tatu, na shuka za wagonjwa zinarudi vitandani na unyevu wake. Katika chumba cha mwisho, karibu na jiko la kuni, alilala sista mzee aliyenifundisha kusoma nikiwa na miaka saba. Alikuwa pia mkunga. Nusu ya watu wa vijiji vya huko juu, Waislamu kwa Wakristo, walipokelewa duniani na mikono yake, maana alikuwa anapanda Uluguru kwa miguu na begi lake la ngozi, mvua inyeshe isinyeshe. Sasa miguu ilikuwa imekufa, na chini ya mgongo, juu kidogo ya makalio, alikuwa na kidonda cha kulala kitandani.

Kidonda kile nilikabidhiwa mimi. Nikitoka shule naoga, navaa glavu, nachemsha maji ya chumvi, nabana pumzi, nafunua. Nilikuwa nimejipimia muda: Salamu Maria tatu za haraka haraka, kazi iwe imekwisha. Napangusa juu juu, naweka bandeji mpya, nafunika, natoka nje kupumua kwenye migomba. Juu juu, ndiyo. Ndani sikuchungulia. Kulikuwa na majimaji ya rangi ya mchuzi wa maharage uliochacha, na harufu yake sitaieleza, kwa sababu kuna watu watasoma haya wakinywa chai.

Sasa kwetu kuna desturi. Mezani hatuzungumzii mwili. Kila chakula cha mchana, baada ya sala, Mama Mkuu anauliza, "Na mgonjwa wetu anaendeleaje?" Mwenye zamu anajibu, "Tunamshukuru Mungu," na bakuli la wali linaanza kuzunguka. Tulifundishwa hivyo tukiwa wanovisi, watawa wanafunzi kabla ya nadhiri, na wanovisi tunawafundisha hivyo. Mgonjwa akipata nafuu tunamshukuru Mungu, akizidiwa tunamshukuru Mungu, na aliyeuliza anaendelea kujipakulia. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyejua kitu. Ukiniuliza ni uchafu gani umenichefua zaidi katika maisha yangu yote, ya kitawa na ya kabla yake, nitakutajia jibu hilo.

Ikafika jubilei yake, miaka sitini ya nadhiri. Kamati ikaundwa. Kitenge kikachapishwa na picha yake ya ujana, akiwa na mashavu. Wageni wakaalikwa kutoka mjini, kutoka Turiani alikofundisha zamani, na kutoka vijiji vya mlimani. Siku chache kabla, Mama Mkuu akaniuliza mezani, mbele ya wote, "Ataweza kukaa kwenye kiti cha magurudumu, Misa na sherehe kidogo?"

Mimi ndiye niliyejua. Kumkalisha juu ya kidonda kile, hata saa moja, ni ukatili. Lakini kusema hapana kungenidai maelezo, na maelezo yangedai niwe nimekitazama.

"Tunamshukuru Mungu, Mama," nikasema.

Bakuli likazunguka.

Siku yenyewe tulimwogesha kwa sabuni ya kunukia, tukampaka poda, na sista mmoja akaleta manukato akampulizia shingoni. Sikujua kama kuna kitu kibaya kuliko kidonda kinachonuka. Kumbe kipo, nacho ni kidonda kinachonuka pamoja na waridi. Tukamvika gauni jeupe lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. "Mtanikalisha muda gani, mwanangu?" akaniuliza. Nikamwambia kidogo tu.

Kwaya zilikuwa tatu na kila moja ilitaka wimbo wake. Kisha hotuba. Kisha ikaja ile sehemu inayopendwa kuliko zote, ya kumvisha. Wageni wanapanga mstari, wanacheza taratibu kwenda mbele, kila mmoja anamfunika mwenye jubilei kitenge mabegani, vigelegele vinapigwa, picha inapigwa kwa simu, anapita. Na anayevishwa haondoki mpaka mstari uishe. Jua lilikuwa limetoka vizuri siku hiyo, siku ambayo ningeuomba ukungu kwa magoti. Vitenge vikapanda mpaka masikioni, akawa kama unga wa maandazi uliofunikwa ili uumuke.

Harufu ikaanza kutoka. Niliona watu wanavyoijua kabla hawajaijua: pua inakunjwa, macho yanatafuta mtoto wa kusingiziwa. Mkubwa mmoja wa serikali, mwanafunzi wake wa zamani, alikuwa ametoka kusema kwenye kipaza sauti kwamba maisha ya sista huyu ni manukato kwa taifa. Zamu yake ilipofika alijibana pua kwa leso na kukirusha kitenge kutoka mbali, kama anayefukuza kuku. Mkewe akahama kiti. Nilimchukia mtu yule mpaka viganja vikaniwasha. Nilimchukia kwa kufanya hadharani kile nilichokuwa nakifanya mimi kila siku mlango ukiwa umefungwa.

Nyuma yake alikuwa mama mmoja anayetuletea kabichi na karoti kutoka mlimani. Ni Mwislamu, na watoto wake wote sita walipokelewa na sista yule. Alipiga goti.

"Shikamoo, Mama."

Sista hakuitikia. Jasho lilikuwa linamchuruzika na vidole vimekamata mikono ya kiti. Yule mama hakumvisha kitenge chake. Aliinama akanusa, wazi kabisa, kama anavyonusa mtu sufuria akijiuliza kama mboga imelala. Halafu akaanza kuvivua vile vitenge, kimoja kimoja, anatupa chini. Mshereheshaji akacheka kwenye kipaza sauti, "Huyu naye ana mtindo wake!" Watu wakapiga vigelegele.

Cha mwisho kilikuwa kimeganda. Alimwinamisha mbele kidogo, akakivuta polepole, na gauni jeupe likaonekana, mgongo mzima hadi kwenye kiti, kahawia na damu.

Vigelegele vikakatika. Mama yule hakupaza sauti. "Jamani masista," alisema, "huyu mama anaoza, nyie mnamchezea ngoma?" Akafungua kanga yake mabegani, akamsitiri, akakisukuma kiti mwenyewe mpaka ndani.

Kwenye kibaraza Mama Mkuu alinishika mkono. "Sista, si uliniambia anaendelea vizuri?"

"Nilisema tunamshukuru Mungu."

Akauachia mkono wangu. Yeye ndiye aliyekuwa mlezi wangu wa unovisi. Akarudi kwa wageni, na huko nje keki ilikatwa, na watu walikula. Nilisikia vijiko.

Mimi na mama wa kabichi tulimgeuza ubavu, uso ukutani. Nikavaa glavu. Nikabana pumzi.

"Mwanangu, pumua," akasema sista.

"Napumua, Sista."

"Hupumui. Kila siku nakusikia. Unabana, unapangusa, unakimbia. Mimi mwenye harufu yangu nimeshaizoea. Wewe ndiye utakayeanguka."

Alisema bila hasira, na bila hasira iliuma zaidi. Mama wa kabichi alijifanya anakunja shuka. Nikapumua. Ikaingia yote kwa mkupuo, nikatapika kwenye beseni, nikasukutua mdomo, nikarudi. Kwa mara ya kwanza tangu nikabidhiwe kidonda kile, nikakitazama. Ngumi yangu ingeingia. Kule chini kulikuwa na kitu cheupe, na mimi ninayewafundisha watoto sehemu za mwili kwa chati ya ukutani nilijua ni nini.

Kesho yake asubuhi tulimshusha hospitali mjini. Mama Mkuu alikaa mbele, vioo vyote vimeshushwa.

Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Aliinama karibu na kitanda. "Shikamoo, Bibi. Unaendeleaje?"

Nilimwona sista akikusanya pumzi. Miaka sitini ya desturi ile ilifungua mdomo wake kabla yeye hajafika.

"Marahaba, baba. Tunamshukuru Mungu."

Daktari akatabasamu, akaanza kuandika. Mama Mkuu alikuwa anatazama sakafu. Nikavuta hewa kwa pua, yote, pamoja na kilichokuwemo.

"Anaoza, daktari," nikasema. "Na mimi nilijua."